Kaka, tumepanga kuruka paa kwa paa kama Tom Cruise, magodoro tunayo. Turuke?

"Kaka shikamoo. Sisi ni vijana watano tupo Dar, mwaka jana tulishuti muvi fupi ya kijasusi kwa simu tukaiweka YouTube, watu wakaikubali na sasa tupo kwenye sehemu ya pili. Tunataka steringi wetu aruke kutoka paa la nyumba moja kwenda la pili kama Tom Cruise kwenye Mission: Impossible – Fallout. Paa lina urefu wa kama mita 6 kutoka chini, pengo katikati ni mita 2 na nusu hivi, na tumekusanya magodoro manne ya inchi 6 ya kutandika chini. Mwenzetu mmoja anasema Tom Cruise anaruka mwenyewe bila kamba ndio maana inaonekana kweli, mwingine anabisha anasema yote ni kompyuta. Steringi wetu anafanya sarakasi, anasema anaweza na Jumamosi ijayo anaruka. Wewe unaifanya hii kazi, tushauri."

Marahaba mdogo wangu. Naanza na jibu kabisa ili usije ukaishia njiani kusoma ukabaki na nusu: Jumamosi asiruke. Ila msiifute hiyo sini, maana kuipata mnaweza, tena nzuri tu, na hapo chini nitakueleza namna. Kwanza tunyooshe huo ubishi wenu, kwa sababu wote wawili wamekosea na kila mmoja amekosea kwa namna ambayo inaweza kumuumiza mtu.

Anayesema yote ni kompyuta, hapana. Fallout ilitoka 2018, dairekta ni Christopher McQuarrie, msimamizi wa stanti, yaani yale matendo ya hatari, ni Wade Eastwood, na ule mruko wa London ni mtu mzima kabisa anayerukia ukingo wa jengo, na mtu huyo ni Tom Cruise mwenyewe. Anayesema hana kamba naye hapana. Alikuwa amevaa hanesi, ile mikanda ya kufungwa mwilini, chini ya nguo, ameunganishwa na waya, na zile waya ndizo zilizofutwa na kompyuta baadaye. Hivyo ndivyo kompyuta inavyotumika kwenye stanti nyingi za namna hii, mwili ni wa kweli, hatari imepunguzwa kwa vifaa, halafu vifaa vinafutwa ili wewe usivione. Hata Burj Khalifa kule Dubai kwenye Mission: Impossible ya 2011, jengo la mita 828, alikuwa kwenye waya na baadhi ya vioo vya jengo vilitolewa ili kupata pa kufungia mitambo. Mtazamaji anaona mtu na ukuta tu. Kijana akitazama nyumbani anajifunza kwamba siri ni ujasiri, kumbe sehemu kubwa ya kazi imefutwa kwenye picha.

Sasa hapa nisikilize vizuri kwa sababu ndipo penye jibu lako. Ule mruko wa London mnaotaka kuuiga ndio uliomvunja kifundo cha mguu. Ilikuwa Agosti 2017. Na stanti ilipangwa hivyo hivyo, asifike vizuri, agonge ukuta kwa mwili kisha ajivute juu, waya imemshika, watu wa usalama wapo, mtu ana uzoefu wa miaka mingi, na bado mguu ukafika ukutani vibaya kifundo kikavunjika. Akajivuta juu akachechemea akapita mbele ya kamera, na teki hiyo hiyo, yaani mara hiyo hiyo waliyoshuti, ndiyo iliyobaki kwenye muvi, ukiangalia tena utaona anavyochechemea. Shughuli nzima ikasimama takriban miezi miwili.

Waya ilifanya kazi yake, hakuanguka. Waya inazuia kuanguka. Haizuii kugonga. Hayo ni mambo mawili tofauti na watu wengi wanayachanganya, wanadhani ukishafungwa kamba umekuwa salama, au ukishatandika godoro umekuwa salama. Mtu anayekimbia kwa nguvu anakwenda kama mita 6 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya kilomita 20 kwa saa, na akifika upande wa pili akakosea hata sentimita kumi tu basi mwendo wote ule unaishia kwenye vidole vya miguu, kwenye goti, au kwenye kidevu kikigonga ukingo. Pengo la mita 2 na nusu kijana wa sarakasi analiruka, sina shaka nalo, hata uwanjani atakuonyesha. Tatizo ni kwamba uwanjani akikosea anakanyaga mchanga, na juu ya paa akikosea anakutana na ukingo wa tofali uliopigwa plasta, ambao mara nyingi plasta yenyewe imeshaachia na hujui mpaka uikanyage. Kama ni bati ndio usiseme, bati lina vumbi, lina umande asubuhi, linateleza, na halijajengwa kupokea mtu mzima anayetua kwa mguu mmoja.

Tuje kwenye magodoro. Hapa nitaweka hesabu kidogo, usikimbie. Mtu akianguka kutoka mita 6 anafika chini kwa mwendo wa karibu mita 11 kwa sekunde, kama kilomita 39 kwa saa, ni kama umegongwa na bodaboda iliyochanganya. Mwendo huo lazima uishe mahali. Kinachoamua utapona au utaumia ni umbali ambao mwendo unaishia, ndani ya sentimita ngapi unasimama. Mkipanga magodoro mawili juu ya mawili mnapata sentimita 30, na hata yakibonyea yote vizuri, sema sentimita 25, mwili unapokea nguvu ya zaidi ya mara 20 ya uzito wake. Kijana wa kilo 65 hapo ni kama ameelemewa na tani moja na nusu kwa kitambo kifupi. Na sponji la kulalia halibonyei kwa utaratibu, mwanzoni linaachia kirahisi kama halipo halafu ghafla linaisha na unagonga sakafu. Limetengenezwa kwa mtu aliyelala, halijui habari ya mtu anayeanguka.

Ndio maana watu wa stanti wa zamani walitumia maboksi matupu ya karatasi, na wapo wanaotumia mpaka leo. Boksi likikandamizwa linavunjika, hewa inatoka, la chini yake nalo linavunjika, mwendo unaisha polepole ndani ya mita moja na nusu badala ya robo mita, na nguvu inashuka kuwa kama mara 4 tu ya uzito wako. Mabegi makubwa ya hewa yanafuata wazo hilo hilo. Lakini usisome hapa ukaenda sokoni kutafuta maboksi, tafadhali. Maboksi yana namna ya kupangwa na kufungwa, na mtu lazima atue kwa mgongo katikati kabisa, akitua kwa miguu magoti yanapanda yanampiga usoni, akitua pembeni rundo linafunguka anapita. Nimeshamuona kijana hodari kabisa ametua sehemu magodoro mawili yanapokutana, mguu ukazama katikati na mwili ukaenda upande mwingine, na huo ulikuwa mruko wa chini ya mita 3 kwenye mazoezi. Kwenu mita 6, halafu pengo lenyewe la mita 2 na nusu lina kuta pande zote mbili, anayekosa ukingo haanguki wima kama jiwe, anagonga ukuta, anageuka, na anafika chini kwa kichwa au ubavu. Godoro ulilotandika unakuta hata halipo chini yake.

Kuhusu steringi wenu kusema anaweza: namwamini kwamba anaweza mara moja. Ila muvi haishutiwi mara moja. Dairekta ataona kamera ilitikisika, atasema tena. Mara ya pili miguu imechoka kidogo, jua limehama, ameshajiamini zaidi ya mara ya kwanza. Jackie Chan miaka ya 1980, akishuti Armour of God huko Yugoslavia, alirukia tawi la mti kutoka ukutani, teki ya kwanza ilikwenda sawa lakini hakuridhika akarudia, tawi likavunjika, akaanguka kama mita 5 kichwa kikapiga jiwe na fuvu likapasuka, akafanyiwa upasuaji wa ubongo. Mita 5 mdogo wangu, na ni Jackie Chan. Kwenu ni mita 6.

Na asije mtu akawaambia basi tutafute kamba tumfunge. Kamba ya katani au ya kufungia mizigo haikutengenezwa kupokea mtu anayeanguka, mtu akianguka mita mbili kisha kamba ikakaza ghafla, ule mshtuko unavunja mbavu au uti wa mgongo, na kama mmemfunga kiunoni ndio mbaya zaidi. Hata waya za kitaalamu zina hatari zake. David Holmes alikuwa mbadala wa stanti wa Daniel Radcliffe, steringi wa Harry Potter, Januari 2009 wakiwa kwenye mazoezi pale studio za Leavesden Uingereza, waya ilimvuta nyuma kwa nguvu akagonga ukuta, shingo ikavunjika na akapooza kuanzia kifuani. Studio yenye pesa, mafundi wa waya, mtu aliyekuwa mwana sarakasi tangu utotoni. Naumia kila nikiisimulia habari yake lakini naisimulia kwa sababu vijana wanaonyeshwa Cruise tu.

Sasa turudi kwenye kitu kizuri, maana naipenda muvi hiyo na nadhani mmeichagua kwa sababu sahihi ila mmeangalia mahali pasipo.

Jiulize kwa nini ule mruko unakaza roho. Pengo lenyewe si kubwa kihivyo, kuna klipu nyingi mtandaoni za vijana wa Ulaya wanaruka mapengo makubwa zaidi na unapitisha kidole tu. Tazama mbio zote za pale London. Ethan Hunt, ndiye Cruise kwenye hadithi, anamfukuza adui, mwenzake Benji yuko kwenye sikio anamwelekeza kwa ramani ya kwenye skrini, anamwambia nyoosha tu, na Ethan anajikuta kwenye ofisi mbele ya dirisha na watu wanamshangaa, ndio Benji anagundua ramani yake inaonyesha njia bila kuonyesha ghorofa. Cruise pale anaigiza mtu ambaye hataki kuruka. Unaona usoni, anasita, anawaangalia wale watu wa ofisini, anaomba radhi kwa macho, anarudi nyuma. Muvi nzima imeandikwa hivyo, mtu anayejua atafanya jambo la kijinga na hana njia nyingine. Angekuwa steringi anayeruka huku anatabasamu tungemshangilia na kumsahau.

Henry Cavill, anayeigiza huyo adui, naye anafanya kazi ile ile kwa njia nyingine, mzito, hana haraka, ile ya chooni anapokunja mikono kama anakoki bunduki kabla ya kupigana, mwili wake tu unakuambia huyu anapenda kuumiza watu kabla hadithi haijakuambia. Na mle chooni mtu wa tatu ni Liang Yang, ambaye ni mtu wa stanti mwenyewe, kwa hiyo kamera haihitaji kukatakata ili kuficha uso wa mbadala, inakaa mbali unawaona wote watatu, vioo na kuta vinavunjika, na karibu hakuna muziki, ni pumzi na makonde. Sini hiyo haina urefu wowote wa kuanguka, ni chumba kimoja tu. Na ukiniuliza mimi ndiyo bora kuliko hata ile sini ya helikopta.

Halafu angalia wanavyoheshimu uso. Ule mruko wa kutoka kwenye ndege ulishutiwa juu ya Abu Dhabi ingawa kwenye hadithi ni Paris, wanatoka kwenye ndege kubwa ya jeshi ya C-17 kwenye futi 25,000, zaidi ya mita 7,600. Huko juu hewa ni nyepesi mno, lazima kuvuta oksijeni kabla ya kuruka ili naitrojeni itoke mwilini. Wakataka mwanga wa jua linapozama, kwa hiyo walikuwa na dakika chache tu kwa siku, ukikosea unarudi kesho. Miruko yote pamoja na ya mazoezi ilifika 106. Cameraman, Craig O'Brien, anaruka kinyumenyume na kamera kwenye helmeti, na Cruise anatakiwa amfikie kwa umbali wa chini ya mita moja hewani ili fokasi isipotee. Na helmeti ya Cruise ilitengenezwa maalumu na taa ndani ili uso uonekane. Fikiria, gharama yote ile, na hofu yao kubwa ilikuwa uso usipotee gizani.

Basi nyinyi fanyeni hivyo kwa uwezo mlionao, tena simu inatosha kabisa.

Mruko ugaweni vipande. Kipande cha kwanza, paa la kweli, steringi anakuja mbio na anasimama mbali na ukingo, si chini ya mita 3, wekeni alama ya chaki ambayo haipiti na mtu mmoja kazi yake iwe kusimama pale tu. Kama paa ni la bati hata hicho kipande msikifanye, tafuteni la zege lenye ukuta wa kukinga. Kamera ikae upande, chini, ili ukingo uonekane karibu kuliko ulivyo. Kipande cha pili, uso tu. Amefika, anaona pengo, anageuka nyuma adui anakuja, anameza mate. Hiki kishuti mara nyingi kuliko vyote na hiki kinaweza kushutiwa hata uani kwenu mkiweka ukuta unaofanana nyuma yake. Kipande cha tatu, mruko wenyewe, mnauchukulia chini: tafuteni vijukwaa viwili imara vya nusu mita hivi, au kingo mbili za mtaro mkavu usio na kina, au kaukuta kafupi, mchanga chini, lala na simu ardhini umshuti kutoka chini kwenda juu, mbingu na mawingu tu nyuma yake. Hakuna mtazamaji atakayejua ni nusu mita. Hapo hata magodoro yenu yana kazi, tandikeni. Tumieni lensi pana ya simu, ile inayofanya vitu vionekane mbali mbali, pengo litakuwa kubwa, ila ukitumia zumu pengo linabanwa linakuwa dogo, watu wengi wanakosea hapo. Kipande cha nne, kutua: mikono miwili inashika ukingo, kwa karibu, kifua kinagonga taratibu, mguu unatafuta pa kukanyaga. Ukuta wa mita moja na nusu, miguu yake iko sentimita chache juu ya ardhi lakini kamera haioni. Kisha kipande kimoja cha kuangalia chini kutoka juu ya paa la kweli, simu kwenye fimbo, mtu wenu hayupo kabisa kwenye ukingo.

Sauti mtie nguvu. Kishindo cha kifua ukutani, kokoto zinaanguka, unasikia muda zinavyochukua kufika chini. Hizo kokoto zitafanya kazi kuliko mita 6 zote.

Kama siku moja mtapata bajeti na mkataka kweli mruko wa juu kwa waya, hapo mimi na video za YouTube hatutoshi. Mnahitaji fundi wa waya aje auone huo ukuta kwa macho, apime pa kufungia, afunge kilo za mchanga azirushe kabla ya mtu. Anzeni sasa kwa kocha wa jimnastiki au wa sarakasi, amfundishe steringi wenu kuanguka, kuviringika, kutua, maana kuruka anajua tayari na kuanguka ni fani nyingine. Kwa kamba, waulizeni watu wa kupanda miamba na waokoaji, hao wanaishi na hanesi. Kibali cha kushuti mkifuate Bodi ya Filamu, na mwenye nyumba aseme ndiyo huku akijua mnataka kufanya nini juu ya paa lake.

Na hata kwa ile nusu mita mtu anaweza kuumia, kwa hiyo chukueni hili. Akitegua mguu msikimbilie kumkanda kwa maji ya moto wala kumvuta, hilo tunalipenda sana nyumbani na siku ya kwanza linaongeza uvimbe, wekeni barafu kwenye kitambaa, mguu juu. Kama hawezi kupiga hatua nne, au ukibonyeza mfupa wenyewe wa kifundo anaruka kwa maumivu, ni hospitali akapigwe eksirei, si kesho. Akigonga kichwa kisha akatapika, akachanganya maneno, akasinzia sinzia au kichwa kinazidi kuuma, ni hospitali usiku huo huo hata kama yeye anasema yuko poa. Na akianguka halafu analalamika shingo au mgongo, au miguu inakufa ganzi, asinyanyuliwe na mtu, asikalishwe, asipakiwe kwenye bajaji, mshikeni kichwa kisitikisike na mpige simu 112 au Zimamoto 114 waje na machela.

Yule anayetaka kuruka nadhani ataona mmemdharau. Mwambie nimesema hivi: kile kipande cha pili, cha uso, ndicho kitakachobeba muvi na hakuna mwingine kati yenu atakayekifanya. Jumamosi anzeni nacho, asubuhi mwanga ukiwa bado mlaini, kabla hajachoka. Mkimaliza kukiediti nitumie hicho tu kwanza, nataka kuona macho yake.